Mrithi ni Nani? Tumbawe, Koloni na Lugha ya Urithi

Utangulizi

Wahenga walituachia methali chungu nzima kuhusu urithi. Mtoto wa nyoka ni nyoka, walisema. Maji hufuata mkondo. Methali hizi zimejengwa juu ya msingi ambao ni nadra kuhojiwa: kwamba yuko mzazi anayeweza kuonyeshwa kwa kidole, yuko mtoto anayeweza kuonyeshwa kwa kidole, na kwamba sifa hutoka kwa yule zikamfikia huyu. Kwa nyoka, kuku, mbuzi na binadamu msingi huo ni imara. Hata hivyo, baharini, karibu kabisa na ufuo wa Kenya, wanaishi wanyama wanaoutikisa. Hao ni wanyama wa koloni, yaani wanyama ambao mamia au maelfu yao huishi wakiwa wameungana miili, wakigawana chakula na kusimama au kuanguka pamoja. Anayefahamika zaidi miongoni mwao ni tumbawe.

Makala haya yanashikilia kwamba swali la kwanza la kuuliza kuhusu wanyama hawa ni 'mrithi ni nani?', na kwamba jibu lake ni koloni nzima. Yanashikilia pia kwamba Kiswahili kina zana za kulieleza jambo hili bayana kuliko inavyodhaniwa. Zana hizo hazitumiki ipasavyo, na uzembe huo unaweza kuigharimu pwani yetu.

Jiwe au mnyama?

Mswahili amelijua tumbawe kwa karne nyingi, ila amelijua zaidi kama jiwe. Kuta za Gede na za mji wa kale wa Lamu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na kwa chokaa iliyopatikana kwa kuyachoma. Mafundi walikata baharini tumbawe laini lingali bichi, wakalichonga miimo ya milango, vidaka vya ukutani na mihirabu ya misikiti kabla halijakauka na kuwa gumu. Ujuzi huo ni fahari ya ustaarabu wa pwani, na hakuna anayeweza kuubeza.

Sarufi nayo imeufuata mkono wa fundi. Kiswahili huwapa wanyama upatanisho wa ngeli ya A-WA hata pale ambapo majina yao yana sura ya ngeli nyingine: kifaru amelala, kiboko anaogelea, nyuki wamehama. Tumbawe halikupewa heshima hiyo. Husemwa 'tumbawe limevunjika' na 'matumbawe yamekufa', kana kwamba kinachozungumziwa ni jiwe au jani. Uhai umekubaliwa katika kitenzi, lakini unyama umekataliwa katika upatanisho.

Wapo watakaosema kwamba tiba ni rahisi: tuseme 'matumbawe wamekufa'. Tiba hiyo haitoshi, kwa sababu inazua swali gumu zaidi. Waliokufa ni akina nani, na ni wangapi?

Ili kulijibu, ni vyema kufuatilia maisha ya tumbawe tangu mwanzo. Kila koloni iliyotokana na yai huanza na kiluwiluwi mmoja. Kiluwiluwi huyo huelea na kuogelea kwa muda, kisha hutua juu ya mwamba na kugeuka kuwa polipu, kijinyama mfano wa kifuko laini chenye mdomo mmoja uliozungukwa na minyiri. Polipu huyo hujenga chini yake kikombe kigumu cha chokaa. Baadaye humchipuza mwenzake ubavuni, naye mwenzake humchipuza mwingine, kama mgomba unavyotoa machipukizi. Tofauti ni kwamba machipukizi haya hayaachani. Huunganishwa na utando hai unaolifunika tumbawe zima, hata chakula alichonasa mmoja kikawafikia jirani zake. Miaka ikipita, hao polipu hufika maelfu, na wote wana asili moja ya jeni, kwa kuwa wote walitokana na yai moja.

Hapa ndipo ngeli za Kiswahili zinapoonyesha nguvu zake. Tukisema 'polipu amekufa', tumemtaja kijinyama mmoja kwa upatanisho wa A-WA. Tukisema 'koloni imesalimika', tumeutaja ujumla ulio hai kwa upatanisho wa I-ZI, sawa na tunavyosema familia imehama au timu imeshinda. Tukisema 'tumbawe limevunjika', tumekitaja kile kiunzi cha chokaa kinachoshikika mkononi. Sentensi hizo tatu zinaweza kuwa za kweli kwa wakati mmoja na mahali pamoja. Polipu hufa na koloni ikaishi. Tumbawe huvunjika na koloni ikageuka kuwa mbili. Lugha inayomlazimu msemaji kuchagua kiambishi cha upatanisho inamlazimu pia kuamua anazungumza juu ya nani. Hiyo ni neema ambayo lugha nyingi hazina.

Kuhusu neno koloni

Kikwazo kingine ni neno lenyewe. Kwa msomaji wa Kenya, neno koloni lina harufu ya bendera ya kigeni, kipande shingoni na ardhi iliyonyakuliwa. Kenya ilifanywa koloni ya Uingereza mwaka 1920, na kumbukumbu hiyo haifutiki kwa kufumba na kufumbua. Kwa kinaya cha historia, ukanda wa pwani ulikuwa umekodishwa kutoka kwa Sultani wa Zanzibar, na ukabaki kuwa nchi ya himaya hadi uhuru mwaka 1963. Kwa hivyo, kwa mujibu wa sheria za wakoloni wenyewe, matumbawe ya Mombasa na Lamu hayakuwahi kuwa ndani ya koloni!

Neno hili lilitokana na Kilatini, ambako lilihusu makazi ya walowezi waliokwenda kulima ardhi mpya. Wanabiolojia waliliazima kwa maana ya viumbe wengi waishio pamoja. Baadhi ya waandishi wa Kiswahili hukwepa uchungu wake kwa kutumia neno 'jamii'. Nia yao ni njema lakini matokeo yake ni mkanganyiko. Nyuki na mchwa wana jamii: kila mmoja ana mwili wake, anaweza kuruka au kutambaa peke yake, na ndugu wa mzinga mmoja hawafanani kwa jeni zote. Polipu wa tumbawe hawana uhuru huo. Pendekezo la makala haya ni kwamba neno 'jamii' litengewe nyuki, mchwa na siafu, nalo neno 'koloni' litengewe wale walioungana miili. Neno kuwa na historia chungu si sababu ya kulitupa. Kiswahili kimeyapa makao mapya maneno mengi yaliyofika kwa jahazi, kwa manowari na kwa msafara, na hili nalo litazoea.

Koloni inavyorithi

Sasa turejee kwenye urithi. Mwaka 1859, katika kitabu chake kuhusu asili ya spishi, Charles Darwin alikiri kwamba wadudu tasa kama vile chungu vibarua walimpa taabu kubwa. Kibarua hazai. Iwapo hazai, sifa zake za pekee, kama vile taya pana au bidii ya kazi, zinapita vipi kwenda kizazi kijacho? Jawabu la Darwin lilikuwa kwamba uteuzi wa kiasili unaweza kuangukia ukoo, wala hauishii kwa kiumbe mmoja mmoja. Alitoa mfano ambao mfugaji yeyote atauelewa. Ng'ombe huchinjwa, nyama yake ikaonekana kuwa nzuri. Ng'ombe huyo hawezi kuzaa tena, lakini mfugaji huwarudia ndugu zake walio hai na kuzalisha kutoka ukoo uleule.

Jawabu hilo lilitolewa kwa ajili ya wadudu, lakini kwa wanyama walioungana miili lina uzito zaidi. Tuwachukue briozoa, wanyama wadogo sana wa majini ambao koloni zao huenea juu ya mawe, kombe na mwani kama utando wenye vishimo vingi. Wengi katika koloni ni walaji. Katika spishi kadhaa, hata hivyo, baadhi yao hugeuka kuwa kitu kinachofanana na mdomo wa ndege, ukifunguka na kufumba kuwabana wavamizi. Mlinzi huyu hawezi kula. Hulishwa na jirani zake kupitia tishu zinazowaunganisha. Wala mdomo huo haukuzaliwa na mdomo mwingine. Ulichipuka kutoka koloni iliyoanzishwa na kiluwiluwi aliyekuwa na uwezo wa kuwa yote mawili.

Ikiwa milinzi ya namna hiyo inaifaa koloni, basi koloni hiyo huishi zaidi na kutoa viluwiluwi wengi zaidi, na kila kiluwiluwi huanzisha koloni mpya yenye walinzi wake. Kinachorithiwa, basi, ni utaratibu mzima wa kugawana kazi: nani awe mlaji, nani awe mlinzi, na kila mmoja akae wapi. Kumtafuta mrithi miongoni mwa vijinyama mmoja mmoja ni sawa na kuutafuta wimbo katika sauti moja ya kwaya.

Ushahidi huo unapatikana pia kwa Physalia, mnyama anayeelea juu ya bahari za joto akisukumwa na upepo, mwenye kiboya cha rangi ya samawati na minyiri mirefu yenye sumu. Anaonekana kuwa kiumbe mmoja, kumbe ni koloni iliyotokana na yai moja. Wamo wanaowinda, wamo wanaosaga chakula, na wamo ambao kazi yao ni kuzaa tu. Matumbawe ya jenasi ya Porites, ambayo ni makubwa na ya kawaida katika Bahari ya Hindi, yanatoa mfano mwingine. Katika spishi zake nyingi, koloni nzima huwa ya kiume au ya kike. Hata jinsia, sifa ambayo binadamu huiona kuwa ya mtu binafsi kabisa, hapo ni sifa ya ujumla.

Mwili unaoandika mbegu

Kuna jambo la ajabu zaidi. Mwanabiolojia Mjerumani August Weismann, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1892, alitenganisha mambo mawili: mwili unaokufa na mbegu inayopita kutoka kizazi hadi kizazi. Kwa wanyama wengi, akiwemo binadamu, chembe zitakazokuwa mayai au manii hutengwa mapema sana, wakati kiumbe angali tumboni. Yanayoupata mwili baadaye hayaifikii mbegu. Kovu la baba halimwendei mwana.

Kwa tumbawe, ukuta huo si mzito kiasi hicho. Koloni inaweza kuishi kwa karne kadhaa, na katika muda huo chembe zake hugawanyika mara nyingi mno. Kila mgawanyiko unaweza kuzua badiliko dogo katika jeni, kama mwandishi anakiliye muswada anavyoweza kukosea herufi. Tawi moja hutokea kuwa na badiliko ambalo tawi jirani halina. Je, badiliko hilo hufia pale, au huwaendea watoto? Wanasayansi wamelijadili swali hili kwa muda mrefu. Mwaka 2022, watafiti waliochunguza matumbawe ya Karibi yaitwayo Acropora palmata walionyesha kwamba mabadiliko yaliyozuka mwilini mwa koloni yanaweza kupatikana kwa viluwiluwi wake. Utafiti katika matumbawe mengine umeonyesha kwamba si kila badiliko hupita. Hata hivyo, mlango uliodhaniwa kufungwa umeonekana kuwa na ufa.

Maana yake ni nzito. Ndani ya koloni moja, matawi yanaweza kushindana kimyakimya. Tawi lenye badiliko zuri hukua, lenye badiliko baya hudhoofika. Koloni huwa kama shamba ambalo uteuzi unaendelea ndani yake hata kabla ya mavuno.

Fauka ya hayo, tumbawe lina urithi wa pili. Ndani ya chembe zake huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaotumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kulilisha tumbawe sehemu kubwa ya mahitaji yake. Koloni za Porites huupitisha mwani huo kwa watoto kupitia yai la mama. Matumbawe mengi ya Acropora, kinyume chake, huwaacha watoto wautafute wenyewe majini. Mmoja hurithishwa mali pamoja na mfanyakazi; mwingine hurithishwa nyumba tupu, akaambiwa ajitafutie mfanyakazi.

Muungano usio hubiri

Wanasiasa na wahubiri wetu hupenda kuwatolea wananchi mfano wa viumbe waishio pamoja. Umoja ni nguvu, husemwa, tazameni nyuki, tazameni mchwa. Ni hatari kuufanya mwamba wa matumbawe kuwa mimbari ya namna hiyo. Polipu hawakukubaliana kushirikiana. Wanashirikiana kwa sababu kwa urithi wao ni kitu kimoja. Binadamu ambao hawakutoka yai moja wanalazimika kuutengeneza umoja wao kwa maafikiano, na kuutengeneza upya kila asubuhi.

Anayetaka fundisho kutoka koloni na amtazame mnyama aitwaye Botryllus. Huyu hukua kama zulia laini juu ya nguzo za magati na matumbo ya vyombo, na ameenea katika bandari nyingi duniani. Koloni zake mbili zikikutana, huchunguzana kwa njia ya jeni maalumu. Zikiwa na angalau nakala moja ya jeni hiyo inayofanana, huungana, mishipa yao ya damu ikawa mmoja. Zikikosa, hukataana na kuacha alama ya kidonda mpakani. Hadi hapo mhubiri anaweza kufurahi. Lakini tafiti za miaka ya 1990 zilifichua kisa kingine. Baada ya muungano, chembe za koloni moja zinaweza kusafiri katika damu hadi kwenye viungo vya uzazi vya mwenzake na kuvitawala. Mwili unabaki ni wa huyu, lakini mayai na manii ni ya yule. Mmoja hubeba mimba ya mwingine bila kujua.

Huenda ndiyo maana Botryllus huungana na ndugu tu. Akitawaliwa na ndugu, sehemu ya urithi wake haipotei. Akitawaliwa na mgeni, hasara ni kamili. Wasomaji walioshuhudia vyama vya kisiasa vikiungana na kumezana hawahitaji kufafanuliwa zaidi. Hata hivyo, makala haya hayawataki waligeuze hilo kuwa methali mpya. Linatosha kuonyesha kwamba hata katika muungano ulio kamili, swali linabaki lilelile: mrithi ni nani?

Pwani yetu na pingili za muhogo

Swali hili si la maabara pekee. Mwaka 1998 joto la bahari lililotokana na El Niño liliyapausha matumbawe ya Bahari ya Hindi. Tumbawe hupauka linapoupoteza ule mwani unaolilisha, na hali hiyo ikidumu, polipu hufa kwa njaa. Nyuzi moja tu ya selsiasi juu ya kiwango cha kawaida cha msimu wa joto, ikikaa wiki kadhaa, inatosha. Miamba mingi ya Kenya ilipoteza zaidi ya nusu ya matumbawe yake hai. Upaukaji ulirudi mwaka 2016, na mwaka 2024 wanasayansi walitangaza tukio la nne la upaukaji lililoenea duniani kote.

Katika kila tukio la namna hiyo, koloni mbili za spishi moja zinaweza kuwa bega kwa bega, moja ikapauka na nyingine ikabaki na rangi yake. Sehemu ya tofauti hiyo ni ya kurithi. Mwaka 2015, watafiti walichapisha matokeo ya kuzalisha matumbawe ya sehemu mbili za mwamba mkuu wa Australia, moja ikiwa na maji ya joto zaidi. Viluwiluwi waliokuwa na mzazi wa maji ya joto walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kustahimili joto, hadi mara 10, na mchango wa mama ulikuwa mkubwa kuliko wa baba. Urithi, kwa hivyo, ni suala la kufa na kupona.

Kwa bahati njema, wakazi wa pwani hawajakaa mikono nyuma. Huko Kuruwitu, Kaunti ya Kilifi, jamii ilitenga sehemu ya bahari yake tangu katikati ya miaka ya 2000 ili samaki na matumbawe vipate kupumua. Huko Mkwiro, katika kisiwa cha Wasini, Kaunti ya Kwale, wanakijiji wamekuwa wakivipanda vipande vya matumbawe kwenye vitalu vya chini ya bahari, kisha kuvihamishia mwambani. Kazi hiyo inastahili pongezi. Inastahili pia kuelezwa kwa lugha isiyopotosha.

Husemwa kwamba wanakijiji 'wanapanda matumbawe'. Kitenzi 'kupanda' kinaficha tofauti ambayo mkulima yeyote wa Kwale anaijua vizuri. Mahindi hupandwa kwa mbegu. Muhogo hupandwa kwa pingili. Mbegu ya mahindi imechanganya urithi wa wazazi wawili. Pingili ya muhogo ni shina lilelile la mwaka jana, na shamba zima linaweza kuwa mmea mmoja uliokatwakatwa. Ndiyo maana ugonjwa wa muhogo husafiri ndani ya pingili na kuenea shamba hadi shamba, na ndiyo maana shina likishindwa na ugonjwa fulani, nduguze wote hushindwa pamoja nalo.

Kipande cha tumbawe ni pingili. Mwamba uliojazwa vipande 100 vya koloni moja una matumbawe 100 kwa hesabu ya fundi, lakini kwa hesabu ya urithi una koloni moja. Mwaka wa joto kali ukija, koloni hiyo ikiwa dhaifu, vipande vyote 100 vitapauka siku zinazokaribiana. Tena, kama ilivyo kwa mimea na wanyama wengi, yai na manii za koloni moja katika spishi nyingi za matumbawe hazirutubishani vizuri. Mwamba wa ndugu mapacha unaweza kuonekana wa kupendeza na usizae.

Suluhisho linajulikana. Vipande vichukuliwe kutoka koloni mama nyingi, zikiwemo zile zilizosalimika katika miaka ya joto. Vipande vya mama tofauti vipandwe karibu, ili mayai na manii zao zikutane. Kumbukumbu ziandikwe za kila kipande na mama yake. Maeneo yenye koloni kubwa za kale yalindwe, kwa kuwa hizo ndizo maktaba za urithi. Wataalamu wa bahari wanayafahamu hayo. Wanaostahili kuyafahamu pia ni wavuvi na wanachama wa vikundi vya usimamizi wa fuo, ambao wanaamua kila siku kipande kipi kikatwe na wapi kipandwe. Wengi wao hujadiliana kwa Kiswahili.

Wapo watakaouliza: haya yanawahusu nini wanafunzi wa Kiswahili? Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Lugha rasmi isiyoweza kumweleza mvuvi tofauti ya mbegu na pingili ya tumbawe itakuwa rasmi kwa jina tu. Wapo pia watakaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi. Yaliyoandikwa hapa yametumia polipu, koloni, jeni na chembe, pamoja na maneno ya kale kama pingili, chipukizi, minyiri na kiluwiluwi, na hoja imesonga. Kinachokosekana ni ari ya kuyaketisha maneno hayo pamoja na kuyapa maana zisizoyumba.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kwa wanyama wa koloni, sifa hutoka kwa koloni zikaenda kwa koloni, na uteuzi wa kiasili huupima ujumla. Yameonyesha pia kwamba mabadiliko yanaweza kuanzia katika tawi moja, kwamba muungano unaweza kuficha unyang'anyi, na kwamba wingi wa vipande si wingi wa urithi. Hatimaye yamedai kwamba ngeli za Kiswahili, zikitumiwa kwa uangalifu, zinaweza kuyapambanua mambo haya kwa wepesi: polipu anayekufa, tumbawe linalovunjika, koloni inayorithi.

Jukumu sasa ni la vyama vya Kiswahili vyuoni. Waketi na wanafunzi wa sayansi za bahari, wafike Kuruwitu na Wasini, wasikilize majina ambayo wavuvi huyaita matumbawe ya namna mbalimbali, na wayaandike kabla majina na wenye majina hayajatoweka. Mafundi wa kale walilichagua tumbawe bora la kujengea nyumba zilizosimama hadi leo. Kizazi hiki kimeachiwa kazi ngumu zaidi, ya kuchagua tumbawe litakalozaa mengine, na kazi hiyo haiwezi kufanywa na mtu anayeamini kwamba ameshika jiwe.